Kabla Hujaitafutia DT Kuukuu Ekzosi Mpya

Mtu wa Nakuru akishapata Yamaha DT 175 ya zamani, swali lake la kwanza ni wapi atapata ekzosi yenye mlio. Atulie kwanza. Pikipiki ya mipigo miwili iliyolala bandani miaka kumi ina madeni yake, na ekzosi si mojawapo.

Karatasi ni jambo fupi: namba za fremu na injini zisomeke, zilingane na logbuku (cheti cha umiliki), na uhamisho wa umiliki uanzishwe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kabla hujamaliza kulipa. Hizi pikipiki zimebadilishwa injini sana.

Kazi iko kwenye sili za krenki, yaani mipira inayoziba ncha mbili za mhimili unaozungushwa na pistoni. Katika injini hii petroli na hewa hupitia chini, krenki inamozungukia, ndipo zipande juu ya pistoni. Sili ya upande wa magneti ikikauka, injini hunyonya hewa ya wizi: unaachia mkono wa mafuta lakini mlio haushuki, na plagi ukiitoa ni nyeupe. Ikichoka ya upande wa klachi, oili ya giaboksi huvutwa ndani na kuungua, na moshi mweupe haukomi hata injini ikipata moto. Badilisha zote mbili bila kungoja dalili.

Kama pampu ya oili imeng'olewa (wengi huing'oa), unachanganya oili na petroli mwenyewe. Kipimo cha kawaida ni mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Iwe oili ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili, si ile ya injini ya bodaboda, ambayo haikutengenezwa iungue, huacha masizi. Na masizi hayo yakiziba ekzosi ya zamani, mwenyewe husema pikipiki imeisha nguvu, kumbe ingesafishwa tu.

Halafu jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli inayoingia. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo fundi huweka jeti ndogo. Kisumu ni kama mita 1,130. Ukishuka huko na jeti ileile, hewa inazidi petroli na pistoni inachemka. Yangu ilijam, pistoni ikakwama, karibu na Awasi kwenye njia ya Kisumu, baada ya kuteremka kutoka Kericho nimeachia mkono wa mafuta kabisa, najiona nabana matumizi. Mzee mmoja wa gereji pale aliitazama akasema, "Kijana, umeinyima oili mwenyewe." Kweli: oili huja na petroli, ukifunga moja umefunga zote. Kwenye mteremko mrefu bana klachi, vuta mafuta kidogo, achia, rudia.

Kwa safari ya Kisumu beba jeti kubwa kidogo, plagi mbili, spana yake na chupa ya 2T. Ekzosi utaitafuta ukirudi.