Jinsi ya kuomba ruzuku ya kutafiti migogoro na historia ya siasa Kenya (na kuipata kabla mwaka haujaisha)

Wanaonyimwa ruzuku hulalamikia waliosoma maombi. Waliopewa wana kilio kingine: barua ya hongera imefika, pesa hazitoki. Mfadhili anataka kuona cheti cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti Kenya. NACOSTI nayo inataka cheti cha maadili kwanza. Kamati ya maadili haikusomi mpaka idara yako ya chuo ipitishe pendekezo, na idara hukutana inapojisikia. Kwa hiyo anza kusukuma karatasi siku unayoanza kuandika ombi, usisubiri majibu.

Kuhusu kuchagua mfadhili, machache tu. Harry Frank Guggenheim Foundation ya New York inafadhili utafiti kuhusu ukatili, kwa hiyo ukiwapelekea historia ya chama cha siasa isiyo na vurugu yoyote ndani yake, umewapotezea muda na wako pia. Gerda Henkel Stiftung ya Düsseldorf iko upande wa historia. CODESRIA, iliyoko Dakar tangu 1973, ni ya sayansi za jamii Afrika. African Peacebuilding Network, mpango ulioanzishwa 2012 chini ya Social Science Research Council, unawalenga watafiti wa Kiafrika wa amani na migogoro. Endangered Archives Programme ya British Library huchanganya wengi: inalipia kupiga picha nyaraka zilizo hatarini, na nyaraka zenyewe hubaki nchini. Hailipii tasnifu yako. Masharti na tarehe hubadilika, basi soma tangazo la mwaka huu, si lile la zamani linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Kwenye pendekezo, sentensi inayoua maombi ya historia ni hii: "Mtafiti atapitia nyaraka husika katika hifadhi ya kitaifa." Nyaraka zipi? Taja mafungu ya faili. Hifadhi ya Nairobi ina faili za wakuu wa mikoa na wa wilaya za enzi ya ukoloni, na orodha zake unaweza kuzipitia kabla ya kuomba senti moja. Huko Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, andika mafungu ya CO 533 kwa Kenya, CO 822 kwa Afrika Mashariki, na FCO 141, zile faili zilizosafirishwa Uingereza ukoloni ulipokuwa unaisha, zikafichwa Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza, zikaanza kufunguliwa 2012. Kew hawatozi mtu anayepiga picha kwa kamera yake mwenyewe, kwa hiyo usiweke maelfu ya "gharama za kunakili" kwenye bajeti. Anayejua Kew atakucheka, na mara nyingi anayesoma ombi lako anaijua.

Kisha kuna kanuni ya miaka 30: faili ya serikali haifunguliwi kwa umma kabla ya umri huo. Faili za serikali kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 bado hazijafika umri wa kufunguliwa. Sema hivyo wewe mwenyewe, halafu onyesha utakachotumia badala yake: ripoti ya 2008 ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo, ripoti ya 2013 ya TJRC (Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano), magazeti, kumbukumbu za mahakama, mahojiano. Kwa mapigano ya kikabila ya 1992 ipo ripoti ya Tume ya Akiwumi, iliyokamilika 1999 na kutolewa hadharani 2002. Hata faili iliyotimiza miaka 30 huenda haijawahi kuhamishwa kutoka ofisi ilikozaliwa. Weka mpango wa pili.

Sasa kamati ya maadili, mahali penye foleni isiyoonekana. Maombi ya utafiti wa migogoro hurudishwa kwa sababu zilezile: fomu ya ridhaa iko kwa Kiingereza tu ilhali wahojiwa hawakisomi, mwongozo wa maswali haukuambatishwa, au hujasema utafanya nini mhojiwa akilemewa na machungu katikati ya maelezo. Kwa hili la tatu, "mtafiti atamfariji" halitoshi. Andika kituo cha ushauri nasaha kilicho karibu na eneo la utafiti, na ambatisha barua yao ya kukubali kumpokea.

Jambo kubwa zaidi ni sahihi. Fomu ya kawaida inataka jina na sahihi ya mhojiwa. Katika eneo ambako watu walichomeana nyumba, karatasi hiyo ndiyo ushahidi pekee kwamba fulani alizungumza nawe. Omba ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa, eleza sababu kwa aya moja, na wape wahojiwa namba za siri badala ya majina tangu mwanzo. Usiahidi usiri ambao sheria haitakuacha uutimize. Mradi wa Boston College, chuo kikuu cha Marekani, ulikusanya simulizi za wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini kwa ahadi kwamba hazitatoka mpaka wafe. Mwaka 2011 polisi wa huko wakazifuata kupitia mahakama za Marekani, na baadhi zikakabidhiwa. Fomu yako iseme "kwa kadiri sheria inavyoruhusu", na mhojiwa aelezwe maana yake kabla ya kuwasha kinasa sauti. Onyesha pia kwamba umeisoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: rekodi zitakaa wapi, nani ana nywila, zitafutwa lini.

Mgongano ambao hakuna anayekuonya kuuhusu ni huu. Kamati imekupa cheti kwa sababu uliahidi kutoandika majina ya wahojiwa. Mhasibu wa chuo naye, ili akurudishie nauli uliyowapa wahojiwa haohao, anataka orodha yenye jina, namba ya kitambulisho, simu na sahihi. Taarifa ya M-Pesa ni mbaya zaidi, maana jina na namba vimo tayari. Maliza suala hili kwa maandishi kabla pesa hazijaingia: daftari la malipo lenye namba za siri, na ufunguo wake, yaani orodha ya namba ipi ni ya nani, ubaki kwa mtafiti mkuu. Mwombe mfadhili akubali utaratibu huo kwa barua pepe, umwonyeshe mhasibu. Bila barua hiyo utalipa nauli kutoka mfukoni mwako, au utavunja ahadi.

Leseni ya NACOSTI huombwa mtandaoni, na hatua zenyewe si ngumu siku ambazo tovuti imeamka vizuri. Tatizo ni kile unachojaza. Leseni huchapishwa ikiwa na jina lako, mada, kaunti na tarehe ya mwisho, pamoja na msimbo ambao ofisa yeyote anaweza kuuchanganua kwa simu. Ukiandika Nakuru pekee, kisha wahojiwa wako wakawa wamehamia Uasin Gishu, huna leseni ya Uasin Gishu. Taja kaunti zote unazoweza kukanyaga. Mada ifanane neno kwa neno na iliyo kwenye cheti cha maadili. Maneno makali kama "mauaji" au "wanamgambo" huzaa maswali mlangoni; kama "usalama wa jamii" inabeba maana ileile bila kudanganya, itumie kote.

Soma masharti yaliyoambatana na leseni. Kabla ya kuanza unatakiwa kuwajulisha kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu wa kaunti na gavana. Beba nakala nyingi, kila meza itabaki na moja. Kupiga filamu kunahitaji idhini nyingine, kwa hiyo simulizi za video zipangie muda wake. Leseni pia haikupi ruhusa ya kuhamisha nyenzo za utafiti. Usimwahidi mfadhili wa nje kwamba rekodi zitahifadhiwa kwake kabla ya kupata idhini hiyo.

Bajeti hufeli sana kwenye kuyaweka mahojiano yaliyorekodiwa katika maandishi. Saa moja ya sauti huchukua saa tano au sita kuandika, na zaidi ikiwa mhojiwa anachanganya lugha. Mahojiano 40 ya saa moja na nusu ni saa 60 za sauti, yaani takriban saa 300 hadi 360 za kazi ya mtu anayestahili kulipwa. Tafsiri ni mstari mwingine. Ulizia mapema kama chuo hukata gharama za uendeshaji, maana wafadhili wengine hawazilipi na mhasibu atazitoa kwenye nauli yako. Andika pia kiwango cha ubadilishaji wa fedha na tarehe uliyokitumia.

Mwishoni NACOSTI inadai nakala ya ripoti ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza, na mfadhili anadai hesabu pamoja na salio lolote. Salio likiwa kwenye akaunti ya chuo, omba lirudishwe kabla chuo hakijafunga hesabu za mwaka.