Kurusha Bell 47 bila gavana: kazi ya mkono wa kushoto

Mwulize rubani mzee anakumbuka nini kuhusu helikopta ya Bell 47, naye hatakimbilia kile kioo cha mviringo wala mkia wa mabomba yaliyo wazi. Atakunja mkono wa kushoto kana kwamba kashika mpini, aanze kuupindapinda taratibu. Mkono huo ndio uliokuwa gavana. Helikopta nyingi za leo zina gavana, yaani kifaa kinacholinda mzunguko wa injini chenyewe. Kwenye 47 kazi hiyo yote iko kwenye kifundo cha rubani, tangu injini inapowaka hadi inapozimwa, na ndiyo inayowafanya wengine waikumbuke kwa mapenzi na wengine waseme asante, ilitosha.

Bell 47 ilipata cheti cha kiraia Marekani tarehe 8 Machi 1946, helikopta ya kwanza kabisa kukipata. Agusta wa Italia, Kawasaki wa Japani na Westland wa Uingereza waliiunda kwa leseni, na kwa jumla zilitoka zaidi ya 5,600. Baadhi bado zinaruka. Maelezo haya ni kwa rubani mwenye leseni aliyelelewa kwenye helikopta ndogo ya Robinson R44 au helikopta ya tabaini, anayetaka kukaa kwenye toleo la 47G pamoja na mwalimu anayeijua. Namba za mwisho zichukue kwenye kitabu cha ndege husika, maana kuna zenye injini ya Franklin, za Lycoming VO-435 na za TVO-435 yenye tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na mipaka yake haifanani.

Kuikagua

Uzuri wa 47 ni kwamba haifichi kitu. Shafti ya rota ya mkia inapita wazi juu ya mkia, beringi zake unaziona moja moja. Pitia viungo vya mabomba ya mkia kwa jicho la karibu: ufa kwenye kiungo kilichochomelewa huanza kama mstari mwembamba wa kutu unaopenya kwenye rangi. Ukiuona, usiufute kwa kitambaa ukaendelea na safari.

Injini imesimama wima nyuma ya kiti, haipati upepo wa mbele kama ya ndege ya mabawa, kwa hiyo inapozwa na feni inayozungushwa kwa mikanda. Bonyeza mikanda kwa kidole, itazame kama imechanika pembeni au inang'aa kwa kuteleza. Mkanda ukikatika angani injini haizimiki papo hapo, ila joto la silinda hupanda na muda wako wa kutafuta pa kutua ni mfupi. Rubani wa tabaini huusahau mkaguo huu kwa sababu hajawahi kuwa na mkanda wa kukagua.

Matangi mawili yako juu, kila upande wa injini. Mwaga mafuta kidogo kutoka kila tangi na kwenye chujio, uangalie maji. 47G na G-2 hubeba galoni 43 za Kimarekani, karibu lita 163. Injini ikinywa galoni 15 hadi 17 kwa saa, una saa mbili na nusu hivi za kuruka hadi tangi likauke. Pima kwa kijiti, usiiamini geji.

Chuchu za grisi ni nyingi kichwani mwa rota na kwenye rota ya mkia, na zina ratiba yake. Grisi mpya ikigoma kuingia, njia imeziba na beringi inakaa kavu, hata kama nje inaonekana imelowa.

Kuwasha

Fungua kamba ya panga la rota, kisha zungusha rota mpaka mapanga yakae kushoto na kulia kwa helikopta, lisibaki moja juu ya mkia. Kolektivu, mpini wa mkono wa kushoto unaobadilisha pembe ya mapanga yote kwa pamoja, iwe chini na ikazwe. Throto iko mwisho wa mpini wa kolektivu: kuipindisha kwa nje, mbali na mwili, kunaongeza mafuta, kwa ndani kunapunguza. Aliyezoea pikipiki atakosea hapa, kwa hiyo ipinde mara kadhaa injini ikiwa imezimwa mpaka mkono usiwe na haja ya kufikiri.

Injini baridi hudai mafuta ya kuamshia kidogo, injini moto haidai kitu. Ukizidisha, mafuta hukusanyika kwenye kabureta na moto unaweza kulipuka humo. Ikitokea, usiache kupiga stata: endelea ili injini iuvute moto ndani, funga mafuta, na aliye nje asogee na kizimamoto. Ikiwaka salama, tazama presha ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde 30, zima.

Klachi ya 47 hushika yenyewe kadiri mzunguko unavyopanda. Hapa ndipo wageni huiunguza. Wanaongeza throto kwa pupa, injini inakimbia, rota bado inajivuta, na katikati yake klachi inasuguana. Tazama geji yenye mishale miwili, mmoja wa injini na mmoja wa rota. Ongeza kidogo, ngoja, ongeza tena, mpaka mishale ilaliane. Giaboksi ina uwiano wa 9 kwa 1, hivyo injini ikiwa kwenye 3,200 rota iko karibu 355 kwa dakika.

Oili na silinda zikishapata joto, pima magneto (vifaa vya kuzipa plagi cheche) moja moja. Mzunguko ukishuka kidogo na injini ikabaki laini, sawa. Ukishuka huku injini inakohoa, mara nyingi ni plagi iliyochafuka. Kisha pima friwili, ambayo kazi yake ni ile ile ya friwili ya baiskeli: punguza throto kwa haraka, mshale wa injini uanguke na wa rota ubaki nyuma ukishuka polepole. Mishale ikishuka pamoja, usiruke. Friwili iliyoganda ina maana injini ikifa itaikamata na rota.

Kuelea na kuruka

Kolektivu ya 47 imeunganishwa na throto kwa kamu, kwa hiyo ukiinua mpini mafuta huongezeka kidogo. Hayatoshi. Kifundo hukamilisha sehemu iliyobaki, nacho kinatakiwa kitangulie: anza kupinda kwa nje kabla mpini haujapanda, anza kupinda kwa ndani kabla haujashuka. Ukingoja mshale ukuambie, umechelewa. Marubani wa zamani waliendesha kwa sikio. Injini ikianza kunguruma kwa uzito, kifundo tayari kimesogea, na jicho linakwenda kwenye geji kuthibitisha tu.

Geji za kusomwa kwa pamoja ni ya mzunguko na ya presha ya manifoldi, yaani ya hewa inayoingia kwenye silinda. Zote mbili zikiwa chini, ongeza throto. Zote zikiwa juu, punguza throto. Presha juu na mzunguko chini, shusha kolektivu. Presha chini na mzunguko juu, inua kolektivu. Kanuni hiyo irudie mpaka uiseme usingizini, kwa sababu kosa la kawaida ni la hali ya tatu: mzunguko umeshuka, ardhi inakuja, na mkono unavuta kolektivu juu. Nguvu ya kunyanyua hufuata mraba wa mzunguko. Injini ikishuka kutoka 3,200 hadi 2,880, yaani asilimia 10, umepoteza asilimia 19 ya uwezo wa mapanga. Dawa yake ni throto yote nje, na kolektivu chini kidogo kama una nafasi ya kushuka. Mzunguko ukirudi, inua tena kwa upole. Wenye uzoefu hufanya hivyo kwa sentimita moja moja, kama mtu anayekamua.

Kila ukiongeza nguvu pua huenda kulia, mguu wa kushoto unadaiwa. Ukipunguza, kinyume. Kwa hiyo tamaa ya kuinua kolektivu inchi moja inahitaji kifundo, mguu na mkono wa kulia kwa wakati mmoja, na ndiyo maana saa za kwanza za 47 huchosha kuliko za R44.

Chini ya mapanga kuna fimbo yenye uzito miishoni, kazi ya Arthur Young, mbunifu wa helikopta hii. Inalifanya sahani la rota lisiyumbe haraka, lakini pia huchelewesha kidogo jibu la saikliki, mpini wa mkono wa kulia unaoinamisha rota. Anayetoka kwenye helikopta nyepesi husukuma, haoni kitu, anasukuma tena, kisha majibu yote mawili yanafika pamoja. Sukuma kidogo, ngoja. Ukianza kuyumba kama pendulamu, shikilia saikliki palipo katikati na uache fimbo ifanye kazi yake.

Tahadhari moja haina mjadala kwenye rota ya mapanga mawili ya kubembea: usisukume pua chini kwa ghafla mpaka ujisikie mwepesi kitini. Rota isiyobeba uzito haiutawali tena mwili wa helikopta. Rota ya mkia huuviringisha kulia, rubani anarudisha kwa saikliki ya kushoto, na kichwa cha rota kinagonga mlingoti unaokibeba. Jibu sahihi ni saikliki nyuma kwa upole kwanza, rota ibebe uzito tena, ndipo unyooshe mlalo.

Joto, mwinuko na barafu

Injini isiyo na tabo haipati presha ya manifoldi inayozidi ya hewa iliyopo. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko futi 5,536. Kwa hesabu ya kawaida ya anga, joto la mwinuko huo ni nyuzi 4. Mchana wa nyuzi 26 ni 22 zaidi, na kila nyuzi moja huongeza kama futi 120. Helikopta inajiona iko karibu futi 8,200, na throto yote ikiwa wazi manifoldi haitavuka inchi 24 na ushee. 47G ya injini ndogo ikiwa na watu wawili wazito na matangi kamili itaelea kwa shida au isielee kabisa. Jibu la enzi hizo lilikuwa kupunguza mafuta, kumwacha abiria, au kuteleza mbele kwa skidi, miguu ya kutulia, kwenye ardhi nyororo mpaka kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) 15 hadi 20, ambapo rota huanza kupata hewa safi na kunyanyuka. Jiwe moja au shina la mti kwenye njia ya skidi linatosha kukupindua.

Pwani tatizo ni lingine. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, na kabureta inaweza kushika barafu hata nyuzi 25 hasa nguvu ikiwa ndogo wakati wa kushuka. Dalili ni presha ya manifoldi kupungua polepole. Kwa 47 dalili hii inajificha, kwani bila kujua kifundo kinaongeza throto kidogo kidogo kulinda mzunguko. Tazama joto la kabureta, na washa joto lake kabla ya kushusha kolektivu, si baada ya injini kuanza kukohoa.

Injini ikizimika

Kolektivu chini papo hapo, mguu wa kulia, saikliki kwa kasi iliyoandikwa kitabuni. Kumbuka geji ya kasi kwenye nyingi za zamani husoma maili kwa saa. 60 yake ni noti 52 tu. Mapanga ya 47 ni mazito na huhifadhi mzunguko, ndiyo sifa inayotajwa kwa mapenzi kuliko zote. Mazoezi: vunja kasi kwenye futi 50 hivi, sawazisha skidi, kisha uvute kolektivu mita ya mwisho. Kosa la kawaida ni kuvuta mapema, mapanga yakaisha nguvu ukiwa bado juu.

Ikitetemeka

Mruko wa juu na chini, mmoja kwa kila mzunguko, maana yake panga moja linapita juu zaidi ya jingine. Mtikiso wa pembeni ni wa mizani. Njia ya zamani ya kupima mruko ni bendera: fundi hupaka ncha ya panga moja chaki nyekundu na ya jingine buluu, msaidizi anasimama mbele anapoonwa na rubani, ameshika nguzo yenye ukanda wa turubai uliokazwa. Rota ikiwa kwenye mzunguko uliotajwa kitabuni na kolektivu chini, anainamisha nguzo taratibu mpaka ncha ziuguse ukanda mara moja, kisha anaondoka. Alama mbili zikikaa mahali pamoja, mapanga yanafuatana. Nyekundu ikiwa juu ya buluu, fundi mwenye leseni hurekebisha kwa kiungo cha pembe ya panga, au kwa kibati cha nyuma ya panga kama kasoro inajitokeza kwenye mwendo tu.

Mizani ya pembeni hutafutwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi: mzunguko mmoja wa utepe karibu na ncha ya panga moja, ruka, sikiliza kiti. Mtikiso ukiongezeka, hamishia panga la pili. Ukipungua, ongeza mzunguko wa utepe mpaka uanze kuongezeka tena, kisha rudi nyuma hatua moja na upime uzito wa utepe uliobaki.