Umechomwa na sindano kazini? Usikaushe, fanya hivi

Manesi, madokta, watu wa maabara, na nyie wa usafi mnaobeba mifuko ya taka usiku, hii ni yetu sote. Mtu akichomwa na sindano wodini kitu cha kwanza anaangalia kama kuna aliyeona, halafu anaendelea na zamu kama kawaida. Acheni hiyo tabia, inatuumiza.

Ukichomwa tu vua glavu, nenda bombani, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usiminye kidole eti damu mbaya itoke, usinyonye, na jiki usiguse kabisa, inaunguza ngozi tu. Kama damu imekurukia machoni (leba hii mnaijua) suuza kwa maji mengi safi au dripu ya nomo salaini (maji ya chumvi ya hospitali).

Ukimaliza mwambie inchaji au daktari wa zamu muda huohuo, sio kesho asubuhi. Mgonjwa akijulikana ataombwa ridhaa apimwe VVU na homa ya ini B na C, na wewe unapimwa ili ijulikane ulikuwaje kabla. Dawa za PEP (za kuzuia VVU baada ya kuchomwa) zikianza ndani ya saa 2 ndio safi zaidi, zikipita saa 72 umechelewa, na unameza kila siku kwa siku 28. Majibu ya mgonjwa yakichelewa anza tu, akikutwa hana VVU, daktari atakuambia kama uache. Na leo hii, kabla hujachomwa, ulizia dawa za kuanzia zinakaa wapi usiku CTC (kliniki ya VVU) ikiwa imefungwa, maana saa nane za usiku ndio watu wanaanza kutafutana funguo.

Sasa homa ya ini B. Kila mtu anaogopa VVU, wakati ukichomwa mara moja na sindano ya mwenye VVU hatari ni kama 3 kwa 1,000, ila homa ya ini B kwa ambaye hajachanjwa inaweza kufika hata 30 kwa 100 mgonjwa akiwa na virusi vingi, na kirusi chenyewe kinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi. Chanjo ipo, dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Wengi wanapata ya kwanza wanasahau zilizobaki. Kama hujachanjwa na umechomwa, dai chanjo ndani ya saa 24 na uliza kama unahitaji na sindano ya kinga ya haraka.

Halafu andikisha tukio kwenye kitabu, saa, mahali, kifaa gani. Huku Tanzania kuna WCF, mfuko wa fidia, mchango anatoa mwajiri sio wewe, lakini bila karatasi utadai nini?

Kuzuia kwenyewe mnakujua: usirudishie kifuniko cha sindano, sefti boksi (boksi la kutupia sindano) ikifika robo tatu funga lete nyingine, na sindano usiiache kwenye shuka, atakayechomwa ni mtu wa kufua. Wa usafi wapewe buti na glavu nene, zile nyembamba za kupimia wagonjwa sindano inazipenya.

Rudi kupima tena wiki ya 6 na mwezi wa 3, na mpaka umalize vipimo tumia kondomu hata na wa nyumbani, damu usichangie.