Jinsi ya kutengeneza modeli ya kichwa cha mtu mmoja ili kuchunguza mtikisiko wa ubongo

Golikipa aliyegongwa kichwani pale uwanja wa Mkwakwani, Tanga, na kijana wa bodaboda aliyeanguka njia ya Pongwe hawana vichwa vya ukubwa mmoja. Vikizungushwa kwa kasi ileile, ubongo mkubwa huvutika zaidi. Kwa hiyo kila mmoja anahitaji modeli yake ya kompyuta.

Anza na picha za MRI za T1 (aina ya picha inayopambanua tishu za ubongo), vokseli, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ikiwa ya milimita 1 kila upande. CT, picha ya eksirei ya vipande, peke yake haitoshi: huonyesha mfupa vizuri, lakini ubongo wenyewe haiupambanui. Zipitishe FreeSurfer, programu inayotenga sehemu za ubongo, kisha ukague kwenye 3D Slicer, programu ya kutazama na kurekebisha picha, kipande baada ya kipande. Tazama sana juu ya matundu ya macho, na tabaka la majimaji linalozunguka ubongo. Ni jembamba na programu hulitoboa. Utando mgumu unaotenganisha ubongo wa kulia na wa kushoto hauonekani vizuri kwenye T1, hivyo uchore mwenyewe. Ukiuacha, matokeo ya katikati ya ubongo hayaaminiki.

Kwenye meshi, yaani wavu unaogawa kichwa katika vipande vidogo vya hesabu viitwavyo elementi, tumia elementi za pande sita. Zile rahisi za pande nne hukakamaa zikipewa tishu isiyobanika. Elementi moja iliyobanwa hadi milimita 0.1 katikati ya zenye milimita 1 hufanya hesabu ichukue muda karibu mara kumi, kwa kuwa hatua ya muda hufuata ile ndogo kuliko zote.

Sasa vipimo, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukitumia milimita, kilo na milisekunde kwenye OpenRadioss, programu ya kukokotoa migongano, mkazo unasomwa kwa GPa (gigapaskali). Ubongo hubanika kwa shida kama maji, takriban GPa 2.19, lakini ukisukumwa kiubavu ugumu wake ni kilopaskali chache tu. Kilopaskali 2 huandikwa 0.000002. Ukiandika 0.002 umeupa ubongo ugumu mara elfu, na hakuna onyo litakalotokea. Utaona tu mvutiko mdogo mno, ushangilie bure.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya mzunguko uwe hatari kuliko msukumo wa moja kwa moja, jambo ambalo mtafiti Holbourn alilieleza mwaka 1943. Basi chukua kasi ya mzunguko kwa mihimili yote mitatu kutoka kwenye kihisi cha kinga ya meno, lifanye fuvu kuwa gumu kabisa, uendeshe milisekunde 60 hivi.

Usisome mvutiko wa juu kabisa, maana elementi mbovu moja inaweza kuutengeneza. Soma pasentaili ya 95, yaani kiwango ambacho asilimia 95 ya elementi ziko chini yake. Namba ikiwa ndogo huku mchezaji anaona kizunguzungu, fuata kizunguzungu: atoke uwanjani, aonwe na daktari.