Fundi akikupa bei, mwambie akuchanganulie kwanza

Jamani fundi akikutajia bei ya ukarabati kwa mkupuo, namba moja tu, usikubali wala usikatae, mwambie tu fundi naomba unitenganishie vifaa peke yake na ufundi peke yake, kwa sababu vifaa unaweza kuvipigia hesabu mwenyewe na hapo ndo utajua kama unapigwa.

Mfano sakafu ya mita 3 kwa 4 ni skwea mita 12, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika inakuwa 13.2, sasa boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 lenye vipande vinne linafunika skwea mita 1.44, kwa hiyo unahitaji maboksi 10. Akikuandikia 16 muulize hayo sita yanaenda wapi, labda ana sababu ya kweli kama kuna skatingi ya pembeni, yaani vile vipande vya marumaru vinavyobandikwa chini ya ukuta, mpe nafasi aeleze.

Ufundi ndo mgumu kupima, hapo tafuta mafundi watatu na wote waone kazi ile ile kwa macho, sio kwa picha ya simu. Na mwenye bei ya chini sana mimi ndo namuogopa zaidi, mara nyingi hajaweka kubomoa marumaru za zamani, kutoa kifusi na kusawazisha sakafu, halafu katikati ya kazi anakuja na "bosi kuna kitu kimeongezeka" na wewe sakafu ishabomolewa utafanyaje? Muulize hayo matatu mapema, yaandikwe kwenye karatasi.