Kabla ya kudabaghi ngozi ya mbuzi nyumbani: yatayarishe haya kwanza

Kila Idd el-Hajj ngozi nzuri za mbuzi huishia jalalani au hufukiwa pamoja na taka za tumboni. Wenye nazo si kwamba hawazithamini. Mara nyingi mtu huamua kuidabaghi ngozi, yaani kuitia maji ya magome makali ili isioze, ikiwa imeshakaa kwenye ndoo tangu asubuhi, nzi wameijaa, chumvi haipo, na magome hajui atayapata wapi. Katika joto la pwani, saa chache tu zinatosha ngozi kuanza kuoza. Manyoya yakianza kung'oka yenyewe ukiyavuta, ujue uozo umeshaingia ndani. Kwa hiyo vitu vyote viwe tayari kabla mnyama hajaangushwa.

Anza na mnyama mwenyewe. Usimchune uliyemkuta amekufa ghafla, hasa kama damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani, mdomoni au njia ya haja. Huenda ni kimeta, ugonjwa hatari wa mifugo unaoambukiza na watu. Vijidudu vyake hujifungia katika ganda gumu na kuishi miaka mingi udongoni na kwenye ngozi. Chumvi, jua na magome si vitu vya kutegemea kuviua. Mzoga huo usifunguliwe kabisa, na afisa mifugo aitwe. Nasisitiza kwa sababu Waislamu wengi wa kwetu wanajua kwamba katika madhehebu ya Shafii ngozi ya kibudu, yaani mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, hutwaharika ikidabaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Hukumu hiyo inahusu tohara, na kimeta hakiondoki kwa tohara. Madhehebu hayo hayo yanataka ngozi idabaghiwe kwa kitu kikali, kama maganda ya komamanga. Kuianika juani au kuitia chumvi peke yake hakutoshi. Fundi wa ngozi atakwambia vivyo hivyo: ngozi iliyokaushwa kwa chumvi ikiloa hurudi kuwa mbichi, na ikirudi ubichi huoza.

Zungumza mapema na atakayechuna, ikibidi umwongeze kitu kidogo. Mwambie unaitaka ngozi nzima. Kisu kitumike kupasua mistari ya tumboni na miguuni tu, kisha ngozi isukumwe kwa ngumi mpaka iachane na nyama. Tundu dogo la kisu hupanuka kila hatua inayofuata, na ngozi nyingi huharibikia hapo, kabla hata hazijamfikia mwenye kuzishughulikia.

Chumvi iwe ya mawe, na iwe nyingi kuliko unavyodhani. Ngozi mbichi ya mbuzi wetu wa kienyeji huwa na kilo mbili hadi tatu hivi, nayo inahitaji chumvi karibu nusu ya uzito wake. Itandaze kivulini, upande wa nyama ukiwa juu, mahali pa mwinamo ili maji yatiririke, uisugue chumvi hadi kwenye kingo. Ikishatoa maji na kukauka vizuri inaweza kukaa wiki kadhaa ikikusubiri. Kama magome hayajapatikana au una safari, isimamishe hapa. Usiiloweke ukitumaini mambo yatajipa.

Vyombo viwe vya plastiki, udongo au mbao. Pipa la chuma lenye kutu usiliguse: ukakasi wa magome ukikutana na chuma hutoa rangi nyeusi ya bluu, kama wino, na doa hilo halitoki. Tafuta pia gogo la mviringo la kulazia ngozi, kisu butu cha kukwangulia, na maji ya kutosha. Ndoo kumi za lita 20 kwa ngozi moja si nyingi. Ikiwa kwenu maji ni ya kununua, weka gharama hiyo kwenye hesabu.

Ukitaka kuondoa manyoya utahitaji chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji. Isiyozimwa huchemka ikiguswa na maji na kuunguza mwili. Hata ile iliyozimwa inaweza kupofusha jicho, kwa hiyo uwe na glavu ndefu, miwani ya kukinga na ndoo ya maji safi karibu. Jivu la kuni ngumu nalo hufanya kazi, ila taratibu zaidi. Baada ya siku chache manyoya hukwanguka kwa urahisi. Chokaa yote lazima itoke kabla ya magome: suuza mara nyingi, kisha loweka kwenye maji ya pumba yaliyochacha. Kwa hiyo pumba zitiwe maji siku mbili tatu kabla ya kuhitajika.

Sasa magome, ambayo ndiyo roho ya kazi yote. Nyanda za juu utapata muwati, mti uliotoka Australia na ukapandwa kwa wingi Njombe na nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya ganda lake hasa. Ganda kavu la muwati lina tanini, yaani ule ukakasi unaodabaghi ngozi, kama theluthi moja ya uzito wake. Sehemu kame kuna migunga, magome na maganda ya mbegu. Pwani, mkandaa, aina ya mkoko, ulitumika tangu zamani, na ganda lake liliuzwa ng'ambo, lakini mikoko leo inalindwa kisheria na haikatwi wala haichunwi bila kibali. Naomba tuiache. Hata mti mwingine usiuchune kuzunguka shina lote, kwani utakufa. Tafuta magome ya miti iliyokwisha kukatwa kwa mbao au mkaa. Ukitaka kujua kama gome linafaa, na una uhakika mti wenyewe hauna sumu, tafuna kidogo: ulimi ukikauka na kukwaruza, ukakasi umo.

Kwa ngozi moja weka akiba ya kilo tatu za gome kavu, au zaidi, lililopondwa. Lichemshe, chuja, kisha subiri maji yapoe kabisa. Maji ya moto hukunja ngozi ikawa ngumu, na haitanyooka tena. Anza na maji mepesi, rangi ya chai ya rangi iliyopauka, uyaongeze ukali kila baada ya siku chache. Mwenye haraka huanza na makali. Juu panakaza na kufunga njia, ndani panabaki pabichi. Mbuzi huchukua wiki mbili hadi nne, na kila siku lazima mtu aigeuze. Jiulize sasa hivi mtu huyo ni nani. Imeiva pale unapokata kipande kidogo shingoni, ukaona rangi moja toka juu hadi chini, bila mstari mweupe katikati. Ya ng'ombe huenda miezi, kwa hiyo usianzie huko.

Mafuta ya nyonyo au ya mnyama yanunuliwe mapema, kwa kuwa hupakwa ngozi ikiwa bado na unyevu. Kisha ngozi huvutwa na kusuguliwa kwenye ukingo wa ubao mpaka ikauke, kivulini. Ukiwamba tu na kuondoka utakuta kitu kigumu kama ubao, si ngozi laini. Siku hiyo usiwe na shughuli nyingine, na uwe na mwenzako wa kupokezana naye.

La mwisho ni maji machafu. Ya chokaa huunguza, na ya magome huua samaki yakiingia kijitoni. Chimba shimo mbali na kisima, mto na bustani, lizungushie miiba kuzuia watoto na kuku, na liwe limekamilika kabla chokaa haijakorogwa.