Jinsi ya kupambana na mafumbo ya stori na wakati bila kukimbilia "inategemea"

Watu wengi ukiwauliza swali la falsafa wanajibu "inategemea" afu maongezi yanafia hapo. Kuna njia nzuri zaidi na haitaki digrii, daftari tu na stori moja unayoijua vizuri. Mi natumia ya Kima na Papa, ile papa kambeba kima mgongoni, kufika katikati ya bahari anamwambia sultani wetu anaumwa na dawa yake moyo wa kima, na kima anajibu ah, mbona hukusema mapema, moyo nimeuacha mtini, turudi.

Anza kwa kuliandika fumbo kwa sentensi ambazo moja moja unazikubali ila zikikaa pamoja zinagombana. Mwaka 1975 Colin Radford, mwanafalsafa wa Uingereza, aliibua ugomvi unaoandikika hivi: (1) huwa namwonea huruma kweli mtu wa kwenye stori, (2) huwezi kumwonea huruma mtu bila kuamini yupo au aliwahi kuwepo, (3) najua fika kwamba huyu hajawahi kuwepo.

Sasa chagua ya kutupa. Hapa usiwe na haraka, kila sentensi unayoitupa ina gharama yake. Mwanafalsafa Kendall Walton, 1978, alitupa ya kwanza: jamaa yuko sinema, lidude la ute wa kijani linamjia kwenye skrini, moyo unamdunda, lakini mbona hakimbii wala haiti polisi? Basi hofu ile ni sehemu ya mchezo wa kujifanya, sio hofu kamili. Radford mwenyewe hakutupa hata moja, alisema tu binadamu tunajichanganya.

Mi natupa ya pili. Hebu waza mwanao anateleza kwenye ngazi, utasisimka mwili mzima na mtoto yuko chumbani kalala, yaani wazo peke yake linatosha. Na hoja ya kukimbia ya Walton inabana hofu tu, kwa huzuni inalegea, maana hata ukimlilia bibi aliyefariki hakuna pa kukimbilia, unakaa unalia basi.

Ukishazoea hapo ingia kwenye wakati, ila jiandae maana huku ni kugumu. Mwanafalsafa J. M. E. McTaggart mwaka 1908 aliandika kwamba wakati haupo kabisa! Alisema matukio tunayapanga kwa namna mbili: kwa jana, leo na kesho, ambako kila kitu kinahama, au kwa kabla na baada, ambako hakihami kitu. Bila ile ya kwanza hakuna mabadiliko, kwahiyo hakuna wakati, na ile ya kwanza inajipinga yenyewe kwa sababu kila tukio linabeba kuwa lijalo, la sasa na lililopita, na hivyo vitatu haviendi pamoja. Utasema "si kwa mpigo mmoja bwana!", ndo hapo anakusubiri, umeshatumia wakati kuuelezea wakati.

Mrudie kima sasa. Kubebwa kulikuja kabla ya kudanganya, hilo kila mtu anajua. Haya, alinusurika kabla ya Vita vya Majimaji vya 1905 au baada? Hakuna jibu, na hutalipata hata uisome stori upya. Kumbe "hapo zamani za kale" ina kabla na baada ila haina jana. McTaggart aliliona hili kupitia Don Quixote, mtu wa kwenye riwaya, akajibu kwamba kisichokuwepo hakimo kwenye wakati kabisa. Kwangu hilo jibu ni kama kukwepa, wewe utajionea.

Ukitaka kumbana anayesema kabla na baada vinatosha, tumia hoja ya mwanafalsafa Arthur Prior ya 1959. Mtu katoka kwenye mtihani anahema, "afadhali umeisha". Anashukuru nini hasa? Sio kwamba mwisho wa mtihani uko kabla ya kuhema kwake, maana mpangilio huo ni uleule tangu wiki iliyopita na hata atakapozeeka. Anashukuru kwamba sasa umeshapita.

Zoezi la kufanya mwenyewe: tafuta marudio ya mechi ambayo matokeo unayajua, angalia penalti, usikilize mapigo ya moyo wako, afu andika sentensi tatu kama zile za juu uone ipi unaweza kuishi bila yake.